Chumvi Haifungi Rangi ya Kanga

"Fundi, niweke chumvi vijiko vingapi?" Naulizwa sokoni Mawenzi, naulizwa Matombo na Mvuha, na nikishuka mpaka Kisaki na vyerehani vya watu nilivyotengeneza, naulizwa kabla sijashusha mzigo. Muulizaji ameshika doti mpya, nyekundu au zambarau, bado ina wanga wa kiwandani. Amesikia kwa mama yake, mama yake alisikia kwa shangazi, kwamba kanga mpya ikilala usiku mmoja kwenye maji ya chumvi haitachuja tena. Kinachomsumbua ni kipimo tu.

Kipimo ni sifuri. Usiweke hata kijiko kimoja. Nimefanya kazi kwenye idara ya kutia rangi ya kiwanda cha nguo kabla sijaingia kwenye kazi ya kurekebisha nguo za watu, na nimelijibu swali hili kwa upole mpaka upole umeniishia. Wengine wakisikia jibu wanadhani naficha siri ya kazi. Hakuna siri. Nitaeleza yote hapa, halafu naomba tusiulizane tena.

Imani hii haifi kwa sababu ukiijaribu, macho yako yanakwambia imefanya kazi. Jaribu basi, lakini jaribu mpaka mwisho. Fundi anapopinda kanga yako, mwombe akubakizie ule ukanda mwembamba anaoukata pembeni, upande wenye rangi nzito. Ugawe vipande viwili. Kata shingo chupa mbili za maji za plastiki. Ya kwanza tia maji matupu, ya pili tia maji na chumvi ya mkono mzima. Tumbukiza vipande, acha vilale. Asubuhi chupa ya maji matupu imekuwa nyekundu kama juisi ya rozela, na chupa ya chumvi maji yake ni karibu meupe. Hapa ndipo shangazi alipofunga hesabu na kwenda kuwaeleza majirani. Wewe usifunge. Kitoe kile kipande cha chumvi, kisuuze, kitie kwenye maji ya moto yenye sabuni, subiri dakika kumi. Wekundu wote uliodhani umefungwa unatoka mbele yako.

Chumvi ilichofanya ni kuizuia rangi isiyeyuke. Maji yaliyojaa chumvi hayana nafasi nzuri ya kupokea rangi za aina hii, kwa hiyo rangi iliyolegea inabaki imekaa juu ya uzi. Haijashikana na kitu. Ukiondoa chumvi, na chumvi itaondoka kwenye suuzo la kwanza tu, rangi inaendelea na safari yake. Kwa maneno mengine umelipa usiku mzima kuchelewesha jambo lile lile mpaka siku utakayofua kanga hiyo pamoja na shati jeupe la shule, ukiwa na imani kwamba sasa ni salama. Mashati niliyoletewa yakiwa na mawingu ya waridi kifuani yaliharibikia hapo.

Chumvi ina kazi halali kwenye rangi, na ndiyo maana uvumi huu una mizizi. Rangi nyingi za pamba za siku hizi ni za ukoo uliogunduliwa Uingereza na wakemia Rattee na Stephen wa kampuni ya ICI, ukaingia sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion. Nguzo yake ni kwamba chembe ya rangi inaungana na pamba yenyewe kikemia, haikai juu tu. Nguo inapotumbukizwa kwenye pipa la rangi, chumvi nyingi hutiwa ili kuisukuma rangi itoke kwenye maji iende kwenye uzi. Kisha hutiwa magadi, na magadi ndiyo yanayowasha muungano. Bila magadi rangi imesogea tu, haijafunga. Kwa hiyo hata kiwandani, chumvi peke yake haifungi chochote. Anayesoma kanuni ya kutengeneza batiki na kuona neno chumvi limo, asidhani ameona dawa ya kufulia. Ameona hatua moja ya kazi ambayo kwenye kanga yake ilikwisha zamani.

Halafu liko jambo ambalo ningependa kila mwenye doti mpya alishike. Si rangi yote inayoungana na pamba. Sehemu yake huungana na maji pale pale pipani, na ikishaungana na maji haiwezi tena kuungana na pamba, hata ukiipelekea gunia zima la chumvi. Hiyo ndiyo rangi inayochuja. Kiwanda makini huitoa kwa kuisuuza nguo kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena, na hiyo ni gharama ya maji na ya kuni au gesi. Kiwanda kinachokimbiza bei hupunguza masuuzo, hupiga wanga, hukunja, huuza. Kanga inayochuja imebakiziwa rangi iliyopaswa kutolewa kabla haijafika dukani. Wewe unataka kuibakiza zaidi. Unachotakiwa kufanya ni kumaliza kazi ambayo kiwanda hakikuimaliza: itoe.

Tena kanga nyingi hazipiti kwenye pipa. Zinachapwa: pindo, mji, na maandishi yake. Kwenye kuchapa kwa rangi za ukoo huu chumvi haitumiki kabisa. Kazi hufanywa na alkali iliyomo kwenye uji wa rangi, pamoja na mvuke. Nyingine huchapwa kwa rangi ya unga iliyogandishwa juu ya kitambaa kwa gundi na joto. Hizo hazichuji kwenye maji, zinasuguka. Ukiona kanga yako inafifia pale inapokunjwa na pale unapopigia sabuni ya kipande kwa nguvu, umeshika hiyo, na dawa yake ni kupunguza msuguano. Jinzi nayo huvaa bluu yake juu juu ya uzi, ndani ni nyeupe, ndiyo sababu hupauka magotini kwanza. Watu wanailoweka jinzi kwenye chumvi ili ifanye nini?

Siki na ndimu? Asidi inafanya kazi kwenye rangi za sufi na hariri. Pamba haimo humo, rangi zake hupenda upande wa magadi. Kuitia kanga siki ni kuifanya inuke kachumbari mpaka ikauke. Na maji ya chumvi yasiposuuzwa vizuri yanaacha chembe zinazovuta unyevu, nazo zinakula zipu za chuma na vishikizo. Nimebadilisha zipu zilizoozea kwenye suruali ambazo kitambaa chake kilikuwa na miaka mingine mingi ya kuishi.

Uvumi huu unaniuma kwa sababu moja zaidi, na hii ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Kisaki na vijiji vya bonde la Mgeta, mpaka huko juu Uluguru, vimejaa watu wenye jicho zuri la rangi. Mtu anajua ni kitenge gani kikae kwenye kiwiko cha shati la kaki, na kipande gani cha pindo la kanga kipite chini ya sketi iliyofupika baada ya binti kurefuka. Lakini wengi wameniambia wameacha kutia viraka vya rangi kwa kuogopa kuchuja. Walijaribu mara moja, kiraka kikapaka rangi nguo nzima licha ya kuwekwa kwenye chumvi, wakasema viraka havifai. Shati likageuzwa dekio. Hapo ndipo uvumi unapokula uzuri wa watu na pesa zao kwa pamoja. Kiraka kilichochaguliwa kwa makusudi, kikakatwa sawa na kushonwa kwa mishono inayoonekana, kinaifanya nguo iwe yako kuliko ilivyokuwa dukani. Wajapani wana ushonaji wao wa sashiko, uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu, ulioanza kama njia ya wakulima na wavuvi kuimarisha nguo zilizochakaa, na leo watu wa mijini wanalipia kujifunza. Sisi tuna kudarizi, tuna vitambaa vya meza vya bibi zetu, mikono ni ile ile.

Basi kiraka bora kitoke wapi? Kwenye nguo kuukuu. Kanga iliyofuliwa miaka mitatu imeshatoa rangi yake iliyolegea na imeshanywea kadiri ya uwezo wake. Shati la pamba la mtumba vivyo hivyo: huko lilikotoka limepita kwenye mashine za maji ya moto mara nyingi kuliko litakavyopita kwako. Nguo mpya ndiyo yenye hatari, maana ikinywea baada ya kushonwa inavuta kitambaa kizee na kukichana pembeni mwa mshono. Kutia kiraka kipya kisichofuliwa ni kosa la mafundi, si la wateja, na mafundi wenzangu wanalifanya kila siku.

Nimetaja mtumba na najua kuna wanaokunja uso. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana nguo za mitumba ziondolewe hatua kwa hatua. Marekani ikabana kupitia mpango wake wa biashara na Afrika, AGOA, wengine wakalegeza, Rwanda ikashikilia kodi yake na mwaka 2018 ikaondolewa msamaha wa kuuza nguo huko bila ushuru. Mimi natamani viwanda vyetu vya pamba vifanye kazi, nimekula mshahara wake. Lakini robota likishafika Mawenzi na kugawanywa mpaka likafika gulioni Kisaki, swali lako ni moja: nguo hii itaishi, au itatupwa kando ya mto baada ya mwezi? Chagua ya kuishi. Ishike juani utafute pale palipokonda, makwapani na makalioni. Chomoa uzi mmoja pindoni uuchome: wa pamba unawaka ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta unayeyuka na kuacha tone gumu. Zipu zivute mara mbili mbili. Nguo za ndani za mitumba ziache kabisa, viwango vya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, vinazikataza na sababu zake ni za afya.

Sasa ya kufanya, kwa haraka, maana nafasi inaisha. Nguo mpya yoyote ya pamba, kanga au kitenge, fua peke yake kabla hujaikata na kabla hujaivaa. Maji ya moto kuliko mkono unavyovumilia, tumia mwiko, tia sabuni ya unga, koroga dakika kumi, mwaga, rudia mpaka maji yawe meupe. Wanga utatoka, kanga itaonekana imekuwa nyepesi, usiogope, huo ndio unene wake wa kweli. Ikifika mara ya tano na maji bado mazito kama ya kwanza, umeuziwa rangi duni ambayo haitaacha kutoka. Mrudishie mwenye duka, au ifue peke yake kwa maji baridi maisha yake yote. Ziko dawa za kiwandani za kufunga rangi zilizolegea, na baadhi ya watengeneza batiki huzitumia. Mwenye shida kubwa awaulize hao, asiulize jikoni. Usirundike nguo mbichi kwenye beseni kusubiri jua, kuchuja kwingi kunatokea hapo. Anika kivulini, upande wa ndani nje. Kabla ya kushona kiraka, kilaze kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto, uone kama kimeacha alama. Na uzi pia, hasa mwekundu, watu husahau uzi. Nguo ikishapakwa rangi na nyingine usiikaushe, irudishe kwenye maji mengi ya moto na sabuni papo hapo, kwani ikikauka kazi inakuwa mara tatu. Jiki ni kwa nyeupe ya pamba, wala usichanganye na siki, mvuke wake ni sumu.

Kiraka kiwe na uzito sawa na nguo, nyuzi zake zikae upande mmoja na nyuzi za nguo, kingo zikunjwe ndani kwa upana wa kidole kidogo, bandi kwanza, cherehani baadaye. Palipokonda bila kutoboka, shona mistari ya mkono iliyokaribiana ukiwa umeweka kitambaa nyuma. Goti la mtoto wekea kiraka cha mviringo, kona za mraba ndizo zinazoanza kubanduka.

Na mikeka na vikapu vya ukindu, kwa kuwa huko nako swali la chumvi limeanza kupenya. Majani yale huchemshwa na rangi ya pakiti kabla ya kusukwa. Hayahitaji chumvi yako, yanahitaji usiyaloweke. Futa kwa kitambaa kibichi, kausha kivulini, kunja kwa kuviringisha. Unaponunua kwa msukaji, muulize amechukua siku ngapi kukata majani, kuyakausha, kuyachana, kuyatia rangi na kusuka ukili, halafu gawa bei anayokutajia kwa siku hizo uone kama wewe ungekubali kibarua hicho. Wengi wakishagawa wanaacha kuomba punguzo. Kikapu kikikatika mkono, kirudishe kwake akushonee mwingine kwa ukili mpya na umlipe kazi hiyo pia. Kitako cha kikapu kilichosukwa vizuri huwa bado kizima wakati mikono imeshakatika mara mbili.