Pumu ya ngozi Birmingham: kuitunza nyumbani na kurudi kwenye mavazi ya heshima

Majira ya baridi yanapoingia katika mji wa Birmingham, katikati mwa Uingereza, mitambo ya kupasha joto nyumba huwashwa, madirisha hufungwa na hewa ya ndani hukauka. Kwa watu wenye ukurutu, ugonjwa ambao Waswahili wengi huuita pumu ya ngozi, huo huwa mwanzo wa miezi ya kujikuna.

Ukurutu hauambukizi. Hata hivyo huweza kumfanya mtu mzima aiache suti yake, gauni la kazini au nguo ya harusini, akabaki na fulana pana na suruali ya michezo iliyochakaa, kwa kuwa hizo ndizo nguo pekee asizoogopa kuzichafua kwa mafuta ya kupaka.

Si lazima hali hiyo iwe ya kudumu. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza kabisa, lakini sehemu kubwa ya udhibiti wake hufanyika nyumbani, na ngozi inapotulia mtu huweza kuvaa tena mavazi yanayolingana na umri na hadhi yake.

Lakini katika mavazi hayo hayo imo hatari ambayo si kila familia inaifahamu. Hatari hiyo ni moto.

Ukuta wenye nyufa

Ngozi yenye afya hufanya kazi kama ukuta. Huzuia maji ya mwili yasipotee na huzuia vumbi, sabuni na vijidudu visipenye. Kwa mwenye ukurutu ukuta huo una nyufa: ngozi hukauka, kinga ya mwili huchokozeka, mwasho huanza, na kujikuna huongeza nyufa.

Mwaka 2006 watafiti walioongozwa na Profesa Irwin McLean wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walibaini kuwa baadhi ya wagonjwa wana kasoro katika jeni inayotengeneza filagrini, protini inayosaidia kuimarisha tabaka la juu la ngozi. Kasoro hizo hazionekani sana kwa watu wenye asili ya Afrika, jambo linaloonyesha kuwa ugonjwa huu una vyanzo zaidi ya kimoja.

Nchini Uingereza inakadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya watano na mtu mzima mmoja kati ya kumi wana ukurutu.

Katika ngozi nyeupe ugonjwa huu hujitokeza kwa wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Badala yake huonekana mabaka ya kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, na mara nyingi vipele vidogo vidogo. Daktari asiyezoea kuitazama ngozi ya namna hiyo anaweza kuudharau ugonjwa uliokwisha kuwa mkali.

Ni pengo hilo lililomfanya Malone Mukwende, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha St George's, London, kutayarisha pamoja na wahadhiri wake kitabu cha mwongozo kiitwacho Mind the Gap, mwaka 2020, kinachoonyesha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi.

Je, maji ndiyo ya kulaumiwa?

Mtu anayehamia Uingereza, akaona ngozi yake imebadilika, hushawishika kuyalaumu maji ya bombani. Mjini London maji ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Birmingham ni tofauti.

Tangu mwaka 1904 mji huo umekuwa ukipata maji kutoka mabwawa ya bonde la Elan, huko Wales. Husafiri umbali wa takriban kilomita 118, yakiteremka kwa nguvu ya mvutano wa dunia. Maji hayo ni laini.

Ni kweli kwamba ukurutu wa utotoni huonekana zaidi katika maeneo yenye maji magumu. Lakini utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto 336, na kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa kufunga mtambo wa kulainisha maji nyumbani hakukuwaongezea wagonjwa nafuu.

Kwa hiyo mkazi wa Birmingham hana budi kuwatafuta wachokozi wengine: hewa kavu, maji ya moto kupita kiasi, sabuni zenye manukato, jasho, msongo wa mawazo na nguo zenyewe.

Mafuta kwanza

Msingi wa matibabu ni kulainisha ngozi kila siku, hata siku ambayo haiwashi. Mtu huoga kwa maji ya uvuguvugu, hujikausha kwa kujigusagusa na taulo bila kujisugua, kisha hupaka mafuta kwa kufuata mwelekeo wa vinyweleo. Mafuta ya koponi huchotwa kwa kijiko safi ili vidole visiingize vijidudu.

Kosa la kawaida ni kupaka kidogo. Miongozo ya tiba nchini Uingereza inataja kuwa mtoto mwenye ukurutu anaweza kuhitaji kati ya gramu 250 na 500 kwa wiki.

Mafuta yapi ni bora? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol uliohusisha watoto 550, na kutolewa mwaka 2022, ulilinganisha losheni, krimu, jeli na marhamu. Hakuna aina iliyoizidi nyingine kwa ufanisi. Yaliyo bora ni yale ambayo mgonjwa atakubali kuyatumia kila siku.

Utafiti mwingine wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mafuta ya kumimina ndani ya maji ya kuogea hayaongezi faida yoyote ya maana kwa mtoto anayepakwa mafuta kama kawaida. Nayo mafuta ya zeituni, ambayo familia nyingi huyaamini, yalionekana katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2013 kuudhoofisha ukuta wa ngozi.

Ugonjwa unapochachamaa, daktari huandika krimu ya steroidi. Kipimo chake ni rahisi: mstari wa krimu kutoka kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada hadi nchani, ambao ni takriban nusu gramu, hutosha eneo linalolingana na viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Hapa pana onyo. Baadhi ya krimu za kujichubua, zile zinazojulikana Afrika Mashariki kama mkorogo, huwa na steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Sheria ya Uingereza hairuhusu ziuzwe kiholela. Mtu akizipaka mwezi baada ya mwezi ngozi yake hukonda, na anapoziacha mwasho huweza kurudi kwa ukali mkubwa kuliko ule wa mwanzo.

Kutoka fulana chakavu hadi kitenge

Kuhusu nguo, matangazo ya biashara yameahidi mengi. Nguo maalum za hariri zilisifiwa sana, mpaka watafiti walioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Nottingham walipozipima kwa watoto 300. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2017, hayakuonyesha kuwa nguo hizo ziliwaongezea watoto nafuu.

Pamba, kwa upande mwingine, ni ya bei nafuu na hupitisha hewa. Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki hilo si jambo geni: kanga, kikoi na kitenge cha pamba ni vitambaa vyepesi ambavyo havichomi ngozi. Gauni pana la kitenge lina faida nyingine, kwani michoro yake huficha madoa ya mafuta, ilhali suti nyeusi huanika kila unga wa ngozi unaopukutika.

Kitambaa kipya hakina budi kufuliwa kabla ya kuvaliwa, kuondoa wanga na dawa za kiwandani. Lebo za shingoni hukatwa, na nguo husuuzwa vizuri kwa maji mengi.

Kwa baridi ya Birmingham, matabaka mawili au matatu membamba ni bora kuliko sweta moja nzito. Shati la pamba huvaliwa ndani, sufi ikakaa juu bila kugusa ngozi. Koti huchaguliwa lenye bitana laini. Mwenye kuvaa baibui la poliesta anaweza kutanguliza gauni la pamba chini yake. Vifungo na bakuli za mikanda zenye nikeli, hasa zinazogusa tumbo, ni za kuepukwa.

Mafuta nayo hupewa muda. Akipaka mapema asubuhi, kisha akasubiri yanywewe na ngozi kabla ya kuvaa, mtu huziokoa nguo zake nzuri. Marhamu mazito huachwa kwa ajili ya usiku, pamoja na zile fulana kuukuu.

Siku za sherehe zina mitihani yake. Manukato hupulizwa mbali na ngozi iliyochubuka. Piko, ile rangi nyeusi ambayo maharusi hupambwa nayo, huweza kuwa na kemikali za rangi ya nywele zinazosababisha malengelenge na mzio wa maisha. Hina halisi, yenye rangi ya hudhurungi, haina kemikali hiyo.

Hatari ya moto

Mafuta ya kulainisha ngozi hunywewa na nguo, mashuka na bendeji. Yanapokauka, kitambaa hicho hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi inayomnyima mtu nafasi ya kujiokoa. Zaidi ya vifo 50 nchini Uingereza vimehusishwa na jambo hilo.

Zamani tahadhari ilielekezwa kwenye mafuta ya mgando yenye parafini nyingi. Mwezi Desemba mwaka 2018 taasisi ya Uingereza inayosimamia dawa ilitangaza kuwa hatari hiyo ipo hata kwa mafuta yasiyo na parafini. Kufua kwa maji ya moto hupunguza mabaki ya mafuta, lakini hakuyaondoi yote.

Kwa hiyo mwenye kanga iliyoloa mafuta hafai kusimama mbele ya jiko la gesi, kuvuta sigara wala kukaa karibu na mtu anayevuta. Desturi ya kufukiza nguo kwa udi juu ya makaa nayo haifai kwa nguo inayovaliwa juu ya mafuta. Moshi huchokoza ngozi, na cheche moja inatosha kuleta msiba.

Wakati wa kumwona daktari

Ngozi inayotoa maji, kufanya magaga ya manjano au kuuma badala ya kuwasha huenda imeingiwa na vijidudu. Malengelenge madogo yenye maumivu yanayotokea ghafla kwa makundi, pamoja na homa, ni dharura, na mgonjwa hufikishwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Huduma ya afya ya Uingereza hupatikana kwa simu namba 111, na anayepiga anaweza kuomba mkalimani. Kwa mzazi asiyejua jina la Kiingereza la pumu ya ngozi, ombi hilo linaweza kuwa ndilo neno la kwanza la kutamka.