Jipu ya zamani mu potopoto: kinachoivusha si urefu wake

Mvula ikishaanza Lubumbashi, mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, wenye majipu wanakimbilia ku garaje. Mmoja anataka kuinua motokari, mwingine anataka mipira mikubwa, mwingine taa za juu ya paa. Njia ya Likasi na ya Kasumbalesa iko na lami. Shida inaanza pale lami inapoishia, kwa wale wanaoelekea Pweto, Mitwaba, ao mashamba ya ndani.

Pale, jipu ikikwama si hasara ya mwenyewe peke yake. Ndani kunaweza kuwa mama mgonjwa anayepelekwa hospitali, ao samaki ya Luapula ambayo haitangoji siku mbili. Njo maana swali la kwanza si jipu iko juu namna gani. Swali ni hili: itarudi?

Motokari inayojulikana na mafundi

Katika majipu ya zamani, Land Cruiser ya aina ya 70 njo inayopendwa sana. Toyota ilianza kuiuza mwaka wa 1984. Mwaka wa 1990 ikaja injini ya mazuti ya 1HZ: silinda 6, litre 4.2, bila turbo. Haina mambo mengi ya kompyuta, na fundi anaweza kuitengeneza kwa vyombo vya kawaida. Lakini injini ngumu si injini isiyokufa. Mara nyingi kinachoiua ni kitu kidogo kilichosahauliwa.

Mambo manne ya kuanza nayo

La kwanza ni mkanda wa distribisio. Kwenye 1HZ unabadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika injini ikitembea, pistoni zinagonga supapu na kuzikunja. Jipu nyingi zinafika hapa zikiwa zimeshatumika, na namba ya kilometa inaweza kuwa imerudishwa nyuma. Kwa hiyo mwenye kununua afadhali aubadilishe mara moja, asiamini namba.

La pili ni maji ya radiateri. Mafundi wengine wanatoa termostati kabisa, wakiwaza injini itapoa vizuri. Kweli inapoa, lakini inapoa kupita kiasi: mazuti haichomeki sawasawa na injini inalika pole pole. Kama jipu inachemka, kuko sababu: radiateri imeziba, pampu imechoka, ao feni haivuti. Ile sababu njo ya kutafuta. Na maji ya robinet peke yake yanaleta kutu ndani. Dawa ya radiateri inailinda.

La tatu ni hewa na mazuti. Mavumbi mekundu ya wakati wa kiangazi yanaingia fasi yote. Filitre ya hewa ikiwa na tundu dogo tu, ao tiyo yake ikiwa imelegea, yale mavumbi yanasaga silinda kama msasa. Mazuti ya kununua ku bidon barabarani inaweza kuwa na maji, na pampu ya injeksio inalainishwa na ile mazuti yenyewe. Chini ya filitre ya mazuti kuko kifunguo cha kutolea maji; kukifungua mara kwa mara ni kazi ya dakika chache.

La nne ni freni, direksio na rulema za magurudumu. Mafuta ya freni yanavuta maji toka hewani, kwa hiyo yanabadilishwa karibu kila miaka miwili, hata kama yanaonekana mazuri.

Kuinua kunaleta nini?

Mutu anaona jipu iko juu, anawaza: "Hii inapita fasi yote." Lakini kila sentimita inayoongezwa inadai kitu. Tiyo za freni zinavutwa na zinaweza kukatika. Shafti inakaa kwa pembe mbaya na viungo vyake vinakufa haraka. Uzito unapanda juu, na jipu inapinduka kwa urahisi, zaidi kama paa imejaa magunia. Sentimita 4 ao 5 zinatosha kwa kazi nyingi, kama resori na amotisere zinabadilishwa pamoja.

Mipira mikubwa nayo iko na bei yake. Injini inavuta kwa taabu, freni zinakuwa na kazi zaidi, na saa ya mwendo inaonyesha kidogo kuliko mwendo wa kweli. Mipira ya kipimo cha kiwanda, yenye meno mazuri ya potopoto, inasaidia zaidi. Mu mchanga ao matope, kupunguza hewa mpaka karibu bar 1.5 kunafanya mupira utandike na kushika. Lakini pompi lazima iwe ndani ya jipu: kurudi ku lami na hewa kidogo kunachoma mupira.

Maji ya mito

Ponti, yaani ile chuma kubwa inayobeba magurudumu, inapata moto njiani. Ikiingia ghafla mu maji baridi, hewa ya ndani inapungua na kuvuta maji kupitia majointi. Dawa yake ni bei ndogo: kurefusha tiyo ya pumzi ya ponti mpaka juu, karibu na injini. Kama mafuta ya ponti yanatoka na rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yalishaingia. Yabadilishwe mbele ya safari ingine.

Bomba la kuvuta hewa la juu linasaidia pia, lakini likifungwa vibaya ni mapambo tu. Na kama injini imezimika ndani ya mto, kosa kubwa ni kujaribu kuiwasha tena. Maji hayakubali kubanwa kama hewa: pistoni ikiyakuta, biela inakunjika. Afadhali jipu ivutwe inje kwanza, fundi aangalie. Na kisha kuvuka, shofere akanyage freni pole pole mara kadhaa ili zikauke.

Pesa iende wapi kwanza?

Mwenye pesa kidogo aifuate hii njia: mkanda na maji ya injini, kisha filitre, kisha freni na rulema, kisha mipira, kisha tiyo za pumzi. Kuinua na mataa vinakuja mwisho. Ndani ya jipu kusikosekane kamba nguvu, jembe, kriki na ubao wa kuitegemeza, mupira wa akiba na maji ya kunywa. Na ikiwezekana, jipu mbili zitembee pamoja: hata ile yenye nguvu sana, ikizama peke yake, inangoja mwenzake.