Tia Mkono Ndani Kabla ya Kulipa



Mama mmoja wa mtaani alitujia baada ya swala ya alasiri, kipakatalishi kikiwa mkobani. Alikinunua kikuukuu kwa fedha zake za chama ili bintiye aende nacho chuoni. Kibandiko cha juu kilitangaza prosesa ya i7 na RAM ya GB 16. Tulipokikagua, tulikuta i5 na RAM ya GB 4.

Tulikumbuka kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni penye rundo la chakula. Alitia mkono ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamlaumu kwa kutouweka umaji ule juu, watu wakauona.

Basi kibandiko ni nafaka kavu ya juu. Kinachotakiwa ni kutia mkono ndani. Katika kompyuta inayotumia Windows, wala haihitajiki bisibisi. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Utaona aina ya kompyuta, prosesa na kiasi cha RAM.

Isome prosesa kwa makini. Katika i5-8250U ya Intel, ile 8 baada ya kistari ni kizazi chake. Jambo hili lina uzito, kwani Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya Performance. Hapo diski hujitaja: SSD ni nyepesi, HDD ni nzito.

Mwisho ni betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti itakayohifadhiwa. Linganisha ujazo wa betri ilipokuwa mpya na ujazo wa sasa. Ikiwa wa kwanza ni 50,000 na wa pili 20,000, imebakiwa na asilimia 40 tu.

Mama zetu na dada zetu, msione haya kuyafanya haya mbele ya muuzaji. Mwaminifu hatachukia. Na aliyekwisha kununua akakuta kasoro iliyofichwa, sheria yetu imempa khiyari ya kurudisha bidhaa na kudai fedha zake.

Tulifuatana na mama yule hadi dukani. Kumbe muuzaji naye alikinunua kwa kuamini kibandiko. Alizirudisha fedha zote, kisha akakibandua kibandiko kile mbele yetu. Nasi tunaouza vyetu vikuukuu tufanye vivyo hivyo: tutaje kasoro kabla ya bei, baraka ibaki katika mauzo yetu.

Wabillahi tawfiq.