Deni Linalofuata Jengo: Ugharamiaji Binafsi wa Muda Mrefu wa Matumizi Bora ya Nishati katika Majengo ya Biashara nchini Marekani

Mmiliki wa jengo la biashara anayekusudia kubadilisha viyoyozi, taa au mitambo ya kupasha joto hukabiliwa na tatizo la muda. Nafuu ya gharama za nishati hupatikana kidogo kidogo kwa miaka 15, 20 au zaidi, ilhali mikopo mingi ya benki hudaiwa katika miaka michache. Aidha, anayetarajia kuuza jengo karibuni hana sababu ya kugharamia faida itakayovunwa na mnunuzi. Makala haya yanafafanua jinsi utaratibu ujulikanao kama PACE unavyolikabili tatizo hilo nchini Marekani.

Utaratibu huo ulianzia mjini Berkeley, na mwaka 2008 jimbo la California likatunga sheria ya kuuwezesha. Majimbo zaidi ya 30 yamekwisha kutunga sheria za aina hiyo. Kwa majengo ya biashara, fedha aghalabu hutolewa na wawekezaji binafsi. Mamlaka ya eneo huidhinisha tozo maalumu juu ya mali, ambayo kwa kawaida hulipwa pamoja na kodi ya majengo kwa muda unaoweza kufikia miaka 20 au zaidi. Jengo likiuzwa, tozo hubaki juu ya jengo, na mmiliki mpya huendelea kuilipa.

Utayari wa mwekezaji kusubiri miaka mingi hautokani na imani yake kwa mkopaji, bali na nafasi ya dai lake: malimbikizo ya tozo hulipwa kabla ya deni la rehani. Nafasi hiyo ndiyo nguvu ya utaratibu huu, na ndiyo chanzo cha mgogoro wake. Mwezi Julai 2010, mamlaka ya shirikisho inayosimamia Fannie Mae na Freddie Mac ilipinga tozo za namna hiyo kwenye nyumba za makazi, na programu nyingi za makazi zikasimama. Kwa majengo ya biashara, suluhisho lililozoeleka ni kupata kwanza ridhaa ya benki inayoshikilia rehani. Benki hupata hakikisho moja: mmiliki akishindwa kulipa, kinachotangulia rehani ni malimbikizo tu, wala si tozo yote kwa mkupuo.

Jimbo la Connecticut, ambako programu husimamiwa na Connecticut Green Bank, huweka sharti la ziada: nafuu inayokadiriwa lazima izidi gharama ya uwekezaji. Hata hivyo, makadirio si mapato. Nafuu ikipungua, tozo haipungui.

Kwa washauri wa sera wa Afrika Mashariki, mfano wa Tanzania unafaa kutafakariwa. Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Njia hiyo huwafikia walipaji wengi, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, ilhali kodi ni ya mmiliki. Hivyo basi, njia ya makusanyo pekee haitoshi kuvutia mtaji wa muda mrefu. Kinachohitajika ni usajili wa mali unaoaminika, sheria inayotamka bayana nafasi ya tozo mbele ya rehani, na benki zilizoshirikishwa kabla ya sheria hiyo kutungwa.