Je, Wajua? Jibini Inayokaangwa Bila Kuyeyuka

Halloumi, jibini ya kisiwa cha Kupro, hukaangwa mpaka iwe ya kahawia na bado isiyeyuke. Siri ni kukosa uchachu. Jibini nyingi huachwa zichachuke, na asidi hiyo hupunguza kalsiamu inayozifungamanisha protini. Zikipata moto hulegea na kutiririka. Halloumi hugandishwa kwa kimeng'enya, kisha mabonge yake hupikwa ndani ya maji ya maziwa yenye joto la nyuzi 90 au zaidi, hivyo kalsiamu hubaki na protini hukazana. Ndiyo maana ndimu katika saladi ya halloumi si pambo: inaleta uchachu ambao jibini yenyewe haina, na kuituliza chumvi, ambayo ni nyingi kweli.

Anayeijua paniri ya Kihindi atauliza: hiyo hugandishwa kwa ndimu, mbona nayo haiyeyuki? Hoja nzuri. Paniri hutiwa asidi maziwa yakiwa moto sana, na protini hushikana papo hapo zisiachane tena. Inayoyeyuka ni ile ya katikati, kama mozzarella, iliyochachuka kiasi tu. Kwa hiyo paniri inafaa kuwa badala ya halloumi, mradi uiongezee chumvi. Kwa saladi, vifute vipande vya jibini vikauke kabla ya kukaanga, kwani jibini yenye majimaji haipati rangi. Changanya na chungwa, kitunguu, nanaa na pilipili mbichi, kisha kamulia ndimu mwishoni. Halloumi iliwe ingali moto. Ikipoa huwa ngumu kama mpira.