Uchungu wa Kujifungua: Mama Ana Haki ya Kuchagua

Iwapo u mja mzito na unahudhuria kliniki Kitale au Bungoma, yamkini umekwisha kuambiwa ubebe pamba, leso na beseni. Je, yupo aliyekuuliza ungependa kusaidiwa vipi uchungu utakapokuzidi?

Aghalabu swali hilo haliulizwi. Mama huamrishwa alale chali, anyamaze, asukume. Ilhali Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2018, lasema mama mwenye afya anayeomba nafuu asaidiwe kwa njia aipendayo: kukandwa mgongo, kuwekewa kitambaa cha maji moto, au kufundishwa kupumua taratibu na kulegeza mwili. Ahimizwe kutembea, na awe na mwandani aliyemchagua mwenyewe. Nyanya zetu waliyajua mengi ya haya, na hayana bei. Mapitio ya utafiti ya Cochrane ya 2013 yalionyesha kuwa uchungu wa awali wa waliotembea au kukaa wima ulikuwa mfupi kwa takriban saa 1 na dakika 22 kuliko wa waliolala.

Sindano ya maumivu nayo si aibu, ukiihitaji, iombe. Mawifi watakaosema umeshindwa hawako kitandani nawe.

Utaambiwa wauguzi ni wachache na wodi zimefurika. Ni kweli. Lakini kumwuliza mama anachotaka hakuhitaji kitanda cha ziada. Huko Bungoma, Agosti 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya wilaya, akapigwa makofi na kutukanwa na wauguzi. Alikwenda kortini, na Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamua kuwa haki zake zilikiukwa, ikaagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni.

Fauka ya hayo, Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mhudumu akueleze njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba una haki ya kukataa. Akueleze kwa lugha unayoielewa, hata kama ni Kibukusu.

Basi uliza mapema, ungali kliniki: Mwandani wangu ataruhusiwa leba? Naweza kuchuchumaa? Maji moto yapo, au nije na chupa yangu?

Hata hivyo, ukiona damu inatoka kwa wingi, kichwa kinauma mno, macho yanaona ukungu au mtoto ameacha kucheza, usikae nyumbani ukikandwa. Nenda hospitali usiku huo huo.