Shoti ya mafuta na nani wa kuilipa
Lori limepakia lita 35,000 za petroli Dar es Salaam, mchana wa jua kali. Linafika Makambako alfajiri ya Julai, lakiri zote nzima. Msimamizi wa kituo anapima na kukuta shoti, yaani upungufu, wa lita 300 hivi. Wa kwanza kutuhumiwa huwa dereva, na mara nyingi ndiye anayekatwa mshahara. Kwa maoni yangu, huko ni kumfundisha kuiba: ikiwa atalipia baridi ya Makambako, kwa nini asilipie alichokula?

Maana huenda hakuna aliyeiba. Joto likipungua kwa nyuzi moja, petroli husinyaa kwa takriban lita moja, au zaidi kidogo, katika kila lita elfu. Mzigo huo ukipoa kwa nyuzi nane, lita zisizopungua 280 zimetoweka kwenye hesabu, ilhali uzito ni uleule. Dizeli nayo husinyaa, ila si sana. Ndiyo maana wafanyabiashara wakubwa huuziana lita zilizokokotolewa kwa joto sanifu, nyuzi 15 au 20 kulingana na mkataba. Lakini mwenye kituo kimoja mkoani huamini kijiti chake cha kupimia.

Na kijiti kina mambo yake. Katika tangi la silinda lililolazwa ardhini, lenye kipenyo cha mita 2.5 na urefu wa mita 8, mafuta yakiwa nusu, milimita moja ni lita 20. Anayepima mafuta yakiwa bado yanachezacheza, au anayeacha pampu ziuze wakati lori linashusha, anajitengenezea shoti mwenyewe.

Wakala wa Vipimo huhakiki matangi ya malori na pampu za vituo. Uhakiki huo hausemi hasara ya kusinyaa ni ya nani. Hilo ni la mkataba. Wahusika waandikiane mapema: ujazo utasomwa wapi, kwa joto gani, na tofauti kiasi gani ihesabiwe ya kawaida. Lori liegeshwe pasipo mteremko, kila chumba cha tangi lake kipimwe pamoja na joto la mafuta yake, sampuli ihifadhiwe, na upungufu uandikwe kwenye hati ya kupokelea kabla ya kushusha. Valvu ikishafunguliwa, mafuta mapya yamechanganyika na ya zamani, na kila upande unabaki na hesabu zake tu.